Mkwe Haambiwi na Mashine

Bomba la joto lilikatika asubuhi, watu wakiwa bado wamekumbatia vikombe vya chai. Ardhi ilitikisika kidogo tu. Masufuria yaligongana jikoni, mbwa wakabweka, kisha mji mzima ukanyamaza kusikiliza. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni hadithi ya kusimulia. Kwa mtu wa Njombe mwezi wa saba, umande ukiwa umeganda juu ya majani, bomba likikatika swali ni moja: nani ana moto?

Na kila mtu alijua nani ana moto.

Edina Mwalongo alisimama katikati ya karakana yake ya ngozi, kiganja kikipapasa ubavu wa tanuri kutafuta ufa. Tanuri lile lilikuwa mzaha wa mji. Wenye karakana wengine wote walishajiunga na bomba lililoleta mvuke wa ardhini kutoka upande wa Rungwe. Yeye alibaki anachoma magome ya miti ya miwati yaliyokwisha kutumika kusindika ngozi, kwa sababu hakuona sababu ya kutupa kitu kinachowaka. Walimwita Mama Moshi, na wengine hawakungoja ageuke ndipo wamwite.

"Tanuri ni zima kabisa, mama. Hata vumbi halijadondoka," alisema Sekela.

Sekela alikuwa mke wa Lwitiko, mtoto pekee wa Edina. Lwitiko alikuwa kazini Dodoma. Mkewe ndiye aliyesimamia tanuri, na ukweli ni kwamba alilisimamia vizuri kuliko mwenye karakana mwenyewe.

"Na vinu?"

"Vyote vinne viko kwenye joto lake."

Edina akaanza kushusha pumzi, haikufika hata nusu. Kisanduku cha ukutani kikawasha taa ya njano.

"Habari ya asubuhi, Mama Mwalongo," kilisema, kwa sauti ile ya upole isiyojua kuwa kuna upole unaoudhi. "Imetokea dharura. Kampuni ya Hongoli ya gundi imekutaja kuwa kimbilio lake. Mbegu yake iko njiani kuja kwako. Kampuni ya Mligo ya hamira imekutaja kuwa kimbilio lake. Mbegu yake iko njiani kuja kwako. Ushirika wa akina mama wa nyama ya uyoga umekutaja..."

Kiliendelea. Baada ya akina mama akaja Lutengano Kibona wa chanjo za kuku. Baada ya Lutengano kikataja kampuni ya maziwa ya Mzee Msigwa. Hapo Sekela akainua uso, maana Mzee Msigwa alikuwa baba yake mzazi.

"Mama," alisema polepole, "na baba naye ulimwambia ndiyo?"

Edina aliendelea kupapasa tanuri.

Kisanduku kile kiliitwa Mdhamini, na kilikuwa ukutani mwa kila karakana nchini, hata ya watu watatu. Kililetwa na Sheria ya Mwendelezo, baada ya mwaka mmoja mbaya ambao kampuni ndogo zilikufa kama vifaranga kwenye mvua, wenyewe wakiwa wamekaa wakingoja mtu wa kuwaambia la kufanya. Tangu hapo ilikuwa lazima kila mwenye biashara aseme mapema: nikipata janga, kitu gani kisimame kwanza, nani apigiwe, na mbegu yangu ikimbilie wapi. Mwenye kimbilio naye alipaswa kutamka ndiyo kwa sauti yake mwenyewe. Siku ya dharura Mdhamini hangoji kikao. Anatekeleza.

Nao walikuja kwa Edina mmoja mmoja, miaka tofauti, na kuku wa kienyeji au asali mkononi. Wakaketi sebuleni, wakasalimia, "Kamwene, mama," wakaulizia mtoto, wakanywa chai, ndipo wakafika kwenye jambo lenyewe. Sasa mtu ameketi kwako, kikombe chako mkononi, unamwambiaje hapana? Bomba lenyewe halikuwahi kuzimika. Edina alisema ndiyo akijua kuwa ile ni ndiyo ya heshima, ndiyo ya kumpeleka mgeni hadi mlangoni. Mdhamini alirekodi sauti, hakurekodi desturi.

"Watano!" alisema sasa. "Mimi nina vinu vinne, na cha nne kina mbegu yangu mimi. Kwa nini hukunionya?"

"Mpango wa kila kampuni ni siri ya kampuni hiyo," Mdhamini alijibu. "Sheria imenikataza kuijumlisha. Mtu pekee aliyeijua yote mitano ni wewe."

Kama Mdhamini angekuwa mtu, Edina angemzaba kofi. Lakini kisanduku kilikuwa kimesema kweli, na kweli ya kisanduku inauma vilevile.

Tuseme wazi hali ilivyokuwa. Kinu ni pipa la chuma lenye supu ya uvuguvugu ndani yake, na ndani ya supu hiyo mbegu hai hukua ikawa kile ilichozaliwa kuwa: ngozi bila ng'ombe, maziwa bila chuchu, gundi, hamira, chanjo. Kinu hakichagui mbegu, ila kinapokea moja tu kwa wakati mmoja. Ukichanganya mbili, kufikia jioni una uvundo. Na mbegu ikipoa, imekufa. Ukiipasha moto baadaye unapasha maiti.

Vinu vitatu vya Edina vilikuwa na ngozi zinazokaribia kuvunwa. Hizo zingeweza kung'olewa zikiwa changa, hasara ingemezwa. Cha nne kilikuwa na mbegu mama, ile ambayo kila ngozi iliyowahi kutoka pale ilichotwa kwake. Hiyo ikienda, karakana imekwenda, pamoja na watu kumi na mmoja waliokuwa wakila kwayo, Sekela akiwamo.

"Makambako," alisema Sekela. "Kile kiwanda cha kukodisha vinu kina umeme wake wenyewe."

"Nafasi zipo," Mdhamini alithibitisha. "Mwendo wa saa moja. Tatizo ni makasha ya kubebea mbegu zisipoe. Hongoli, Mligo na ushirika wana makasha ya bei rahisi. Hayatafika huko. Kibona na Msigwa wana makasha ya daraja la kwanza. Wakielekea huko sasa, watafika na mbegu hai."

Edina aliielewa hesabu hiyo mara moja na hakuipenda. Waliojiandaa vizuri ndio wangefukuzwa mlangoni. Waliojibania ndio wangepokewa. Lakini ilikuwa njia pekee ya wote kupona.

"Ng'oeni ngozi," aliwaambia wafanyakazi. "Vinu vitatu. Msiguse cha nne." Kisha akamwambia Mdhamini, "Nipigie Lutengano."

Kijana alipokea akiwa barabarani. "Mama, shikamoo! Niko darajani, nakuja mbio."

"Marahaba. Lutengano, usije. Sina nafasi. Nenda Makambako."

"Nini? Mama, ulisema ndiyo! Mimi mwenyewe nilikuwepo, nikala na viazi vyako!"

"Nilisema. Nilikosea. Kasha lako ni zuri, litafika. Ukija huku utakuta pamejaa."

"Mama umeniua! Unajua umeniua?"

"Sijakuua, nimekukataa. Geuza gari, Lutengano. Unitukane ukiwa unaendesha."

Alimtukana kweli, matusi ya adabu kidogo kwa sababu ya umri wake, lakini sauti ya gari ilibadilika na wote wakasikia kuwa amegeuza. Edina alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu njiani, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwambia mtu hapana pasipo kuizungushia maneno mengine.

"Sasa Mzee Msigwa," alisema Mdhamini. "Yuko bado kwenye karakana yake, anapakia. Nimpigie nimweleze?"

"Mkwe haambiwi na mashine."

"Basi zungumza naye wewe, mama," alisema Sekela. "Kama ulivyomwambia Lutengano."

"Lutengano ni mtu baki. Mkwe utamwambiaje hapana mdomo kwa mdomo? Tangu mlipooana sijawahi hata kula mbele yake."

"Basi nimpigie mimi. Ni baba yangu."

"Wewe ndiyo kabisa!" Edina alishtuka hasa. "Mtoto umfungie baba yako mlango wa nyumba uliyoolewa? Watasema nimekutuma. Hapana. Lina njia yake jambo hili. Mzee Ilomo yupo."

Mzee Ilomo ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ya Sekela na Lwitiko. Alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa maneno ya hariri, na tangu harusi ile kila neno zito kati ya nyumba hizi mbili, hata ombi la Msigwa la kimbilio, lilipita kinywani mwake. Edina alimpigia, akamweleza haraka: vinu vimejaa, Makambako kuna nafasi, mzee aondoke sasa hivi.

"Niachie mimi, mama," alisema Ilomo. "Maneno ya wakwe yana mlango wake."

Sekela alisimama akiwa na koleo mkononi, akitaka kusema kitu. Mke wa mwana hamsahihishi mama mkwe wake mbele ya wafanyakazi, na wafanyakazi walikuwapo. Akarudi kwenye tanuri akaongeza magome.

* * *

Ngozi zilitoka vinuni zikiwa laini na za rangi ya waridi, nyembamba mno kufaa kwa kiatu chochote duniani. Zilirundikwa sakafuni na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzihuzunikia. Hongoli alifika wa kwanza, kasha lake limefungwa blanketi la kitoto. Akina mama wa uyoga walifika wamelibeba la kwao kwa zamu, wamelikumbatia kifuani ili walipe joto la miili yao. Mligo alikuja analia waziwazi na haoni haya. Mmoja baada ya mwingine mbegu ziliingia vinuni, mipira ikaunganishwa, taa zikabadilika kutoka nyekundu kwenda kijani, na kila taa ilipobadilika watu walipiga makofi.

"Mbegu ya Kibona imepokelewa Makambako," Mdhamini alitangaza. "Iko hai."

Makofi yakapigwa tena. Edina akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu akamletea chai, na kwa dakika chache alijiona mtu aliyekosea na kujikosoa, jambo ambalo ni zuri kuliko hata kutokukosea.

"Kampuni ya Msigwa iko getini," alisema Mdhamini.

Chai ilimwagika, si kwa bahati mbaya. Edina aliiachia.

Mzee Msigwa aliingia amevaa koti lake la kanisani. Nyuma yake watu wake wawili walibeba kasha, wakitembea kwa mwendo wa pole kama wamebeba mgonjwa. Kofia ilikuwa tayari mkononi.

"Kamwene, mkwe," alisema, macho yakitazama pembeni ya uso wa Edina, kama inavyostahili.

"Kamwene, baba. Karibu. Poleni na safari."

"Tumeshapoa. Hatukukimbia." Mzee alitabasamu. "Ilomo alinipigia. Alinisalimia kwa niaba yako, akaulizia magoti yangu, akaulizia wajukuu tunaowangojea. Kisha akasema leo kwako kumefurika wageni, hata Makambako wamefungua milango, ila Waswahili walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nikasema basi, kama kuna msongamano nisimkimbize mkwe wangu. Nikangoja wenzangu wapokewe kwanza."

Sekela aliweka koleo chini. Kwenye ubavu wa kasha kulikuwa na kidirisha kinachoonyesha hali ya mbegu. Kilikuwa kimeshaacha kijani, na sasa kilikuwa rangi ya chungwa.

"Makambako?" Edina alimnong'oneza Mdhamini.

"Haitafika ikiwa hai," kilijibu kisanduku kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa hakikujua kunong'ona. Kila mtu alisikia.

Mzee Msigwa alitazama vinu kimoja baada ya kingine. Alikuwa mtu wa kazi hiyo na hakuhitaji kuelezwa. Vitatu vilikuwa na majina ya wenzake yameandikwa kwa chaki. Cha nne kilikuwa na jina la mwenye nyumba.

"Naona," alisema. "Basi usisumbuke, mkwe."

"Hapana baba, hakuna usumbufu."

"Hata kidogo usijisumbue. Ni mambo ya Mungu."

"Hatuwezi kukosa namna, baba. Keti kwanza."

"Nashukuru, nimesimama tu vizuri."

"Walau chai."

"Chai nimekunywa, mkwe, ahsante sana."

Na rangi ya chungwa ilikuwa inaiva. Watu wote waliokuwa mle walisimama wakitazama wazee wawili wakipeana heshima kama wanaopeana mzigo wa moto, na hakuna aliyethubutu kuingia katikati. Mbegu ile haikuwa ya kununua dukani. Mzee aliichota mwenyewe ujanani kutoka kwa ng'ombe wake wa mwisho, aliyeitwa Sifa, na maziwa yote aliyouza maishani yalikuwa ya Sifa. Watu wanane walikuwa wakimngoja kule bondeni kwenye karakana iliyopoa.

"Jamani!" Sauti ilikuwa ya Sekela, na ilikuwa kali hata yeye ikamshtua. "Semeni! Baba, mama, semeni, inakufa!"

Mwali kuwapigia kelele wazazi wa pande zote mbili: hilo halikuwahi kuonekana. Hongoli aliinamisha kichwa kwa aibu isiyo yake. Lakini Edina alihisi kitu kikimfunguka kifuani, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akamtazama mkwe wake machoni.

"Mzee Msigwa," alisema. Hakusema baba, wala mkwe. "Nijibu kama usingekuwa chochote kwangu. Unakitaka hiki kinu au hukitaki?"

Mzee alifungua mdomo kusema neno la adabu. Lilionekana lilivyokuja mpaka kwenye midomo. Kisha likarudi.

"Nakitaka," alisema. "Nakitaka, mama. Nisipokipata, mimi nimekwisha. Sina kingine nilichojenga."

Sasa ilikuwa zamu yake. Edina alijua vizuri jinsi ndiyo yake ingepokewa. Mji mzima ungemsimulia: Mama Moshi alimwaga mbegu yake kwa ajili ya mkwe. Jumapili ingetajwa kanisani. Na Jumatatu watu kumi na mmoja wangekuja kazini wasikute kazi, na yeye angewaambia poleni kwa sauti nzuri. Ndiyo zake zote zilikuwa za namna hiyo. Utamu aliula yeye, mifupa ikabaki kwa wengine. Alimtazama Sekela, akitamani msichana atikise kichwa upande wowote. Sekela hakutikisa. Alikuwa ameshika mpini wa koleo kwa mikono miwili, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Sikupi," alisema Edina.

Akasimama mbele ya kinu cha nne.

"Sikupi, mzee. Hiki ni cha watu wangu. Hii hapana yangu ilikuwa yako tangu asubuhi, wakati ingekufaa. Ningekupigia mwenyewe ungekuwa Makambako saa hizi. Nilimpa Ilomo aibebe kwa sababu niliona haya, na Ilomo akaifunga kwenye hariri mpaka ikafanana na neno la karibu. Si kosa lake. Nilimtuma kwa sababu nilijua ndivyo atakavyofanya."

Mzee Msigwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia watu wake walitue kasha chini, akapiga goti moja kwa shida, lile goti bovu ambalo Ilomo aliliulizia, akaweka kiganja juu ya kifuniko. Sekela alikwenda akachuchumaa kando yake. Walikaa hivyo, baba na binti, wakati rangi ya chungwa ikigeuka nyekundu, na nyekundu ikazimika. Edina hakuondoka wala hakugeuza uso. Alilia amesimama, na hakumwambia pole, maana pole yake asubuhi ile haikuwa na thamani.

Mzee aliuliza, bila kuinua kichwa, "Yule kijana wa chanjo. Alikuja hapa?"

"Hakuja. Nilimpigia akiwa njiani, nikamkataa."

"Wewe mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Mimi mwenyewe."

"Na mbegu yake?"

"Imepona."

Mzee Msigwa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia baada ya kufika mwisho wa ile isiyokuwa yake. Sekela alimshika mkono kumsaidia ainuke. Mzee alijipangusa goti, akavaa kofia yake mle ndani mbele ya mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kumbe," alisema, "ilinipasa niwe mtu baki kwako."